Fundi Anajibu: Tanga Lililochanika Kwenye Mawe ya Volkano

Jambo sana, Mzee fundi. Mimi ni kijana wa mtaa wa Himbi, hapa Goma. Nina ubao wa tanga, ule wa kuteleza ziwani kwa upepo, niliouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao baada ya mkataba wake wa kazi kumalizika. Tanga lake lina ukubwa wa mita za mraba 5.5, na sehemu yake ya kati ni ya plastiki unayoweza kuona upande wa pili kama kioo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikilipandisha kutoka majini upepo uliponipokonya, likaangukia mawe ya volkano. Sasa lina mpasuko wa sentimita 6 hivi katika ile plastiki, pamoja na vitundu vitatu vidogo kama vya ncha ya kalamu. Isitoshe, mshono ulio kando ya mfuko wa kijiti kimoja cha kulinyoosha tanga umeanza kufumuka kwa urefu wa kiganja. Kaka yangu anataka nilipeleke kwa fundi cherehani wa Birere, jirani anasema skochi ya kufungia maboksi inatosha, na rafiki yangu amekwisha kununua gundi ile inayoshika papo hapo. Nimewazuia wote watatu mpaka nipate neno lako.

— Msomaji wa Himbi, Goma

Ndugu yangu wa Himbi, umefanya vema kuwazuia, kwa maana mashauri mawili kati ya hayo yangekuharibia tanga, na la tatu lingekufaa kwa saa chache tu. Jeraha la sentimita 6 ni dogo, na ukilitibu inavyopasa utalisahau. Lakini dogo hilo hilo, likienda majini siku ya upepo kabla ya kutibiwa, linaweza kurudi nchi kavu likiwa limefunguka kutoka mshono hadi mshono. Kwa hiyo, kabla ya mengine yote, tanga hilo lisifungwe kwenye mlingoti tena mpaka kazi iishe.

Nianze na ushauri wa kaka yako, kwa sababu ndio ambao karibu kila mtu angeufuata, na hata mimi niliufuata katika mwaka wangu wa kwanza. Nililichukua tanga langu lililochanika kidogo, nikalipeleka kwa fundi cherehani hodari, naye akaniwekea kiraka na kukizungushia mistari miwili ya mishono iliyonyooka vizuri kiasi kwamba nilimsifu na kumwongezea pesa. Nilikuwa nimekwenda mbali kidogo na ufuko nikasikia mlio kama wa karatasi nzito inayochanwa. Kiraka kilikuwa kimetoka kizima, na uzi wake wote ukiwa umekishikilia. Filimu, yaani ile plastiki ya tanga, ndiyo iliyokatika, ikifuata tundu baada ya tundu la sindano, kama stempu inavyokatika kwenye ukurasa wake. Nilirudi nimelala kifudifudi juu ya ubao, nikipiga kasia kwa mikono. Fundi yule hakukosea lolote. Alifanya kazi ya kitambaa juu ya kitu ambacho si kitambaa, na aliyempa kazi hiyo ni mimi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Tanga la ubao halitengenezwi kwa kitu kimoja. Sehemu inayovaa mlingoti, na mara nyingi pembe na pindo zake, ni za kitambaa cha poliesta kilichofumwa kwa kubana sana, kinachojulikana kwa jina la Dacron. Ile sehemu yako inayoonekana kama kioo ni monofilimu, yaani utando mmoja wa poliesta usio na uzi ndani yake, wenye unene wa kati ya sehemu 1 na sehemu 2 za kumi za milimita. Ni ndugu wa plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Matanga mengine yana filimu ya aina nyingine, ambayo ndani yake mnaonekana nyuzi zilizopishana kama wavu. Hiyo hustahimili zaidi, kwa sababu mpasuko ukifika kwenye uzi hukwama. Katika kitambaa, uzi mmoja ukikatika majirani zake hubeba mzigo. Katika monofilimu hakuna jirani. Mpasuko hausimami mpaka ukutane na kitu cha kuusimamisha.

Ukitaka kuamini, chukua ganda la plastiki la biskuti, ujaribu kulichana kwa mikono kwenye ukingo mzima: litakushinda. Kisha likate kwa wembe mkato mdogo kama punje ya mchele, uvute tena. Litafunguka lote bila nguvu yoyote. Kila tundu la sindano ni mkato wa namna hiyo, na fundi cherehani anatoboa mamia.

Gundi ya rafiki yako nayo haifai, kwa sababu mbili. Kwanza, inapokauka huwa ngumu kama kioo, ilhali tanga hujipinda na kutikisika kila wakati, hivyo itapasuka yenyewe katika safari ya kwanza na kuacha kingo kali zitakazoanzisha mipasuko mingine. Pili, midomo ya mpasuko ina unene mdogo mno. Ukiigusanisha mdomo kwa mdomo, gundi haina mahali pa kushika. Kinachobeba mzigo ni kiraka chenye eneo, kilicholala juu ya filimu pande zote mbili.

Skochi ya jirani yako naiheshimu kwa kiasi chake. Mimi mwenyewe hubeba kipande cha skochi kilichozungushwa kwenye kijiti ndani ya mfuko usioingia maji, na mpasuko ukitokea nikiwa upande wa pili wa ghuba, huusogeza ubao ufukoni, hupangusa filimu ikauke, hubandika pande zote mbili na kurudi nyumbani polepole. Lakini jioni ile ile huibandua. Ukiiacha juani, wiki chache zikipita inakuwa ya manjano, plastiki yake inachomoka, na gundi yake inabaki kwenye filimu kama ulimbo, ikishika vumbi lote la Goma. Ikiwa jirani amekwisha kukubandikia, usikwangue kwa kisu. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, upanguse mpaka ulimbo utoke, uoshe kwa sabuni ili mafuta yenyewe yatoke, kisha umalizie kwa alkoli.

Sasa kazi yenyewe. Unachohitaji hasa ni utepe wa kurekebishia matanga, yaani filimu ya poliesta yenye gundi upande mmoja, ambao hauuzwi katika kenkayeri zetu, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwombe mtu anayesafiri akuletee mita moja au mbili. Haina uzito, na itakutosha kwa miaka. Ukikosa kabisa, tafuta mwenye tanga kuukuu lisilotumika, ukate kiraka kutoka sehemu yake iliyo bado laini na angavu, na ukibandike kwa utepe wenye gundi pande mbili uliotandazwa eneo lote la kiraka, si pembeni tu. Zile plastiki za kubandika zinazotumiwa na waandishi wa matangazo ya magari nimezijaribu: zinashika vizuri, lakini zinanyooka zikivutwa, kwa hiyo tanga likivutwa kiraka kinalifuata, na mpasuko unaendelea kufunguka chini yake. Zikufae kwa vile vitundu vitatu, zisikufae kwa mpasuko.

Chagua siku kavu, ufanye kazi kati ya saa nne na saa nane mchana. Asubuhi na jioni za mji wetu zina ubaridi na unyevu ambao hauonekani kwa macho lakini gundi inaujua. Vua vijiti vyote, ulitandaze tanga juu ya meza pana, au mlango uliolazwa juu ya viti viwili, au sakafu ya vigae iliyodekiwa. Si juu ya ardhi. Osha pande zote mbili kwa maji ya sabuni, suuza, na uache likauke kabisa. Kisha chukua alkoli ya duka la dawa na kitambaa cha pamba kisicho na manyoya, upanguse kuzunguka mpasuko kwa upana wa kiganja, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara, mpaka kitambaa kisichukue tena weusi wowote. Vumbi letu ni la mawe ya volkano yaliyosagika. Chembe moja tu chini ya kiraka inatosha kukiinua. Viraka vingi vinavyobanduka vimebanduka kwa uvivu wa hatua hii. Usitumie petroli wala dawa ya kuyeyushia rangi, kwa maana katika matanga yenye tabaka inaweza kudhoofisha gundi iliyounganisha tabaka hizo.

Baada ya hapo inama karibu, uzitazame ncha mbili za mpasuko dhidi ya mwanga. Mara nyingi utaona kwamba ule mpasuko wa sentimita 6 una unywele mweupe unaoendelea mbele yake kwa milimita chache. Ncha halisi iko mwishoni mwa unywele huo, si pale midomo inapoachana. Hapo ndipo utoboe tundu dogo la mviringo, la milimita 2 au 3, kwa kile chuma cha kutobolea ngozi alicho nacho fundi viatu, huku umeweka kipande cha ubao laini chini yake. Utashangaa kwamba baada ya kukuonya kuhusu matundu ninakuambia utoboe. Tofauti ni kwamba tundu la mviringo lenye ukingo safi linaisambaza nguvu pande zote, ilhali ncha kali inaikusanya mahali pamoja. Watu wengine hutumia msumari uliopashwa moto; moto hunitia wasiwasi, kwa sababu filimu hii hujikunja kwa joto muda mrefu kabla ya kuyeyuka, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi.

Funga midomo ya mpasuko igusane bila kupandana, uishike kwa vipande viwili vyembamba vya utepe vilivyokatiza upande wa nyuma. Kata kiraka cha kwanza kipite mwisho wa mpasuko kwa sentimita 3 kila upande; kwa mpasuko wako hicho kitakuwa na urefu wa sentimita 12 na upana wa 6 hivi. Pembe zake zote zifanye za mviringo kwa kufuata ukingo wa kifuniko cha soda, kwa sababu pembe iliyochongoka ndiyo huanza kuinuka. Kiraka cha upande wa pili kiwe kikubwa zaidi kwa sentimita 1 kila upande. Ni jambo ambalo wengi hawalijui: viraka viwili vya kipimo kimoja vikilingana kingo zao, tanga hujipinda daima kwenye mstari huo mmoja kama bawaba, na baada ya muda filimu hukatika hapo hapo, kando ya kiraka kilicho kizima.

Usiondoe karatasi yote ya mgongoni kwa mara moja. Bandua sentimita 2 za mwanzo, zilaze, kisha endelea kuvuta karatasi kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukisukuma utepe kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda nje. Utaona rangi ikibadilika: pale hewa ilipo pana weupe, na pale gundi iliposhika panakuwa angavu. Kiputo kidogo kilichobaki katikati hakina madhara. Kikunjo kinachofika ukingoni kina madhara, kwa kuwa ni mlango wa maji. Kikitokea, bandua mapema urudie. Geuza tanga, fanya vivyo hivyo upande wa pili, pitisha kijiko tena kwa nguvu kwenye kingo, na uliache bila kulifunga wala kulikunja kwa saa 24.

Vile vitundu vitatu havihitaji sherehe hiyo yote. Baada ya kupangusa kwa alkoli, bandika kwa kila kimoja duara la sentimita 3, upande mmoja tu.

Kuhusu mshono uliofumuka, habari ni tofauti. Huo tayari una matundu yake, na kazi ni kuyatumia yale yale bila kuongeza jipya hata moja. Chukua uzi wa poliesta, uvute juu ya nta ya mshumaa mara mbili, na kwa sindano butu kidogo ya mkono ufuate tundu kwa tundu, ukianzia sentimita 3 ndani ya sehemu iliyo bado nzima. Ukifika mwisho, rudi ulikotoka kupitia matundu hayo hayo ili kujaza nafasi zilizoachwa. Ni kazi ya nusu saa kwa urefu wa kiganja. Kisha vuta kile kijiti na ukague ncha yake: ikiwa imechongoka au imepasuka nyuzi, ndiyo iliyokuwa ikila mshono, na usipoilainisha kwa msasa na kuifunika kwa utepe, itaula tena.

Haya yote ni kwa mpasuko usiozidi shubiri moja, ulio katikati ya kidirisha, yaani kipande cha filimu kilicho kati ya mshono na mshono. Ukiwa mrefu kuliko hapo, au ukiwa umegusa mshono, au ukiwa karibu na pembe ya nyuma inayofungwa kwenye ile fito iliyopinda ya kushikia ambayo sisi tuliozoea Kifaransa huiita wishiboni, kiraka hakitoshi, na kidirisha chote hubadilishwa.

* * *

Mzee, nakuandikia kutoka Muhumba, Bukavu. Tanga langu halina mpasuko hata mmoja, lakini plastiki yake imekuwa na ukungu na inatoa mlio wa kukatika ninapoikunja. Mwaka mzima limekuwa limefungwa kwenye mlingoti wake, limeegemezwa ukutani nje ya nyumba, tayari kwa safari. Je, nianze kubandika utepe mapema ili lisije likachanika?

— Mama msomaji, Muhumba, Bukavu

Mama, kwanza fanya jaribio moja kabla ya kutumia hata sentimita ya utepe. Tafuta mahali karibu na pindo la chini ambapo hapabebi mzigo mkubwa, uikunje filimu kati ya vidole viwili, uibane kidogo, uiachie. Ikibaki na mstari mweupe tu, bado ina maisha. Ikikatika kwenye mkunjo kama jani kavu, imekufa, na kiraka juu yake ni sawa na kushikiza kitufe kwenye nguo iliyooza: kitufe kitashika, nguo itaachia.

Aliyeiua ni jua. Mionzi ya jua isiyoonekana hukata minyororo ya poliesta kidogo kidogo, na sisi tunaishi mahali inapopiga kwa nguvu zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tena tuko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, ambapo jua la mchana husimama karibu na utosi mwaka mzima. Ubaridi wa hewa ya Bukavu hutudanganya, tukadhani jua letu ni la upole. Ongeza kwamba tanga lililofungwa kwenye mlingoti limevutwa kama ngozi ya ngoma mchana na usiku, kwa hiyo filimu inayozidi kudhoofika haipati hata saa moja ya kupumzika.

Ikiwa jaribio limeonyesha kwamba bado liko hai, usibandike utepe pasipo na jeraha. Livue leo. Lisuuze, likauke kivulini, kisha lizungushe kama mkeka, kuanzia juu kwenda chini, vijiti vikilala sambamba na mzunguko. Usilikunje kama shuka, kwa kuwa kila mkunjo wa filimu ni mpasuko unaosubiri. Liingize ndani ya mfuko, na kama mfuko umepotea, kipande cha shitingi, yaani turubai la plastiki, kilichoshonwa kama mto mrefu kinatosha kabisa. Ukiwa ufukweni na unapumzika kwa zaidi ya robo saa, legeza ile kamba ya chini inayolivuta tanga kwenye mlingoti, na ulilaze kivulini; lisiachwe limesimama likipigapiga kwenye upepo, maana kupigapiga kunalichosha kuliko safari yenyewe.

* * *

Mzee fundi, mfuko wa tanga langu unaovaa mlingoti umesuguka mpaka mlingoti unaonekana. Tatizo linatokana na kuliburuta ufukweni, ambako kwetu hakuna mchanga. Ni kitambaa, si plastiki. Nifanye nini?

— Mwalimu, Goma

Mwalimu, ufuko wa Goma haulaumiwi: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na jiwe la volkano lililojaa matundu madogo lina makali kila upande, kama tupa. Kwa kuwa ni kitambaa, hapa sindano inaruhusiwa, tena inatakiwa. Kata kiraka cha Dacron, au cha kitambaa kizito cha poliesta kama cha mikoba ya shule, pembe zake ziwe za mviringo, kingo zake uzipitishie haraka kisu kilichopashwa moto ili zisifumuke. Kibandike kwanza kwa utepe wenye gundi pande mbili, kisha ushone kuzunguka ukingo. Angalizo moja tu: usishone pande mbili za mfuko pamoja. Ingiza gazeti lililokunjwa au kipande cha boksi ndani kabla ya kuanza, na mlingoti utapita baadaye bila kikwazo. Na tanga libebwe na watu wawili hadi majini, au mmoja aliyelibeba kichwani pamoja na wishiboni; kwa ufuko wetu hakuna namna nyingine.

* * *

Jambo, Mzee. Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kadutu. Kwa miaka mingi nimeshona mahema, mapazia na viti vya magari. Siku hizi kuna vijana wawili wanaoniletea matanga ya mbao zao, na sitaki kuharibu mali ya mtu. Nitumie sindano gani na uzi gani? Wavuvi wananishauri nitumie nailoni ya nyavu, kwa kuwa haikatiki.

— Fundi wa Kadutu, Bukavu

Ndugu fundi, barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana mtu anayeuliza kabla ya kukanyaga cherehani ndiye tunayemtafuta katika miji hii miwili. Mashine yako na mkono wako vinafaa sana, mradi kazi iwe ya kitambaa au ya mshono uliokuwepo.

Nailoni ya wavuvi inashika samaki vizuri kwa sababu inanyooka. Hunywa maji, hulegea ikilowa, na jua huidhoofisha. Kwenye tanga unataka uzi usionyooka. Tumia ule wa poliesta unaoshonea viti vya magari, na uzi wa pamba usiuguse kabisa, kwa kuwa utaoza. Sindano iwe ndogo kadiri uzi utakavyokubali kupita, kati ya namba 90 na 110, tena iwe mpya. Sindano butu inasukuma nyuzi za Dacron badala ya kupita kati yake. Mshono uwe mrefu kuliko wa nguo, milimita 4 hadi 5, na kama mashine yako inajua mshono wa kupindapinda, huo ndio bora, kwa kuwa unajinyoosha kidogo tanga linapovutwa badala ya kukata uzi. Legeza mvuto wa uzi mpaka mshono ulale bila kukunja kitambaa.

Usitumie pini kushikilia vipande. Kila pini ni tundu, nawe ukiziondoa tundu linabaki. Shikilia kwa utepe wenye gundi pande mbili, ule mwembamba. Ukiona sindano inaanza kuchafuka kwa gundi na kuruka mishono, ipanguse kwa kitambaa chenye alkoli kila baada ya mita moja. Unapofuata mshono wa zamani unaopita kwenye filimu, acha kukanyaga: zungusha gurudumu kwa mkono, ushushe sindano tundu kwa tundu, na pale mashine isipolipata tundu, toa tanga umalizie kwa sindano ya mkono na subana. Tanga ni kubwa na filimu haipendi kusongwa chini ya mkono wa mashine, kwa hiyo lizungushe kama mkeka pande zote mbili, uache mfereji mwembamba tu wa kushonea, na umwombe mwanafunzi wako akubebee upande wa nyuma ili uzito wake usivute mshono.

Na kijana akikuletea tanga ambalo mpasuko uko katikati ya monofilimu, mrudishie kazi hiyo, lakini umsaidie kukata kiraka. Mkono wako uliozoea mkasi utakata ile mviringo ya pembe vizuri kuliko wake, na kubandika atabandika mwenyewe nyumbani, juu ya meza safi, mchana.